Mbunge anauliza, waziri anajibu, dawa bado hazijafika

Kila baada ya wiki chache kipande cha video kutoka Bunge la Uganda huanza kuzunguka kwenye WhatsApp. Mbunge amesimama, sauti imepanda, anataka kujua kwa nini kituo cha afya cha kwao hakina dawa, au kwa nini daraja lililosombwa na maji halijajengwa tena. Wenzake wanashangilia. Waziri anasimama, anamshukuru mheshimiwa kwa swali lake zuri, anasema serikali inalifahamu jambo hilo na inalishughulikia. Video inakatika hapo. Watu wa kwao wanaandika "huyu ndiye mbunge!", na miezi sita baadaye wanavuka mto uleule juu ya magogo mawili.

Wengi huishia kusema yote ni maigizo. Nawaelewa, ila hawajafika kwenye kiini cha jambo. Siku linapoulizwa, swali la bungeni halina nguvu kubwa kama video inavyoonyesha. Nguvu yake huja baadaye, ikiwa liliulizwa kwa mtu anayeshika jambo lenyewe, kabla bajeti haijafungwa, na muulizaji hakuliachia njiani. Maswali mengi hukosa kimoja kati ya hivyo vitatu, mara nyingi vyote.

Njia za kuulizia

Bunge hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa nane mchana. Mbunge mwenye shida ya wapiga kura wake ana njia kadhaa za kuifikisha kwa waziri, na hazina uzito mmoja.

Inayojulikana zaidi ni kuibua jambo la umuhimu wa kitaifa. Mafuriko yamepita usiku, ng'ombe wameporwa Karamoja, bweni la shule limeungua: mbunge humwomba Spika nafasi kabla ya kikao, hupewa dakika chache, na waziri hujibu papo hapo au huahidi kurudi na maelezo. Hii ndiyo njia inayozaa zile video. Ni ya haraka, na kwa sababu hiyohiyo majibu yake huwa mepesi, kwa maana waziri aliyeshtukizwa hana faili mkononi.

Kuna pia muda wa maswali kwa Waziri Mkuu, dakika 45, ambao katika Bunge la 11 ulizoeleka kuwa wa Alhamisi. Waziri Mkuu ndiye Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, kwa hiyo huulizwa kila kitu, kuanzia tembo wanaovamia mashamba hadi mishahara ya walimu. Faida yake ni kwamba hawezi kusema "hilo si la wizara yangu". Hasara yake ni kwamba hakuna binadamu anayejua yote hayo, basi jibu la kawaida huwa ni kwamba waziri mhusika ataelekezwa.

Halafu kuna swali la maandishi, lisilo na mvuto wowote. Hupelekwa kwa Karani wa Bunge, likapangwa kwenye orodha ya shughuli, waziri akaja na jibu lililoandaliwa na wataalamu wake, kisha yakafuata maswali ya nyongeza. Jibu hilo huingia kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, likiwa na tarehe, tarakimu na jina la aliyelitoa. Ningekuwa namshauri mbunge mgeni, ningemwambia aanzie hapa na kelele azipunguze.

Wa kujibu hawakosekani. Katiba ya 1995 inaweka kikomo cha mawaziri 21 wa baraza na 21 wengine walio chini yao, wale mawaziri wa nchi, isipokuwa Bunge likiridhia zaidi. Bunge limekuwa likiridhia, na serikali iliyoundwa mwaka 2021 ilikuwa na mawaziri zaidi ya 80. Hata hivyo Spika Anita Among alilalamika hadharani mara nyingi kuhusu viti vitupu upande wa serikali. Tena wengi wa mawaziri hao ni wabunge wa majimbo. Waziri wa nchi anayejibu leo kuhusu ukosefu wa dawa huko kwingine, Jumamosi atakuwa msibani jimboni kwake akiulizwa jambo lilelile na wazee.

Dawa zimepotelea wapi?

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa mtu wa Mpondwe hatauona mgeni. Kituo cha afya daraja la tatu kiko karibu na mpaka wa Kongo, wilayani Kasese. Kina chumba cha kujifungulia, maabara ndogo na foleni ndefu, kwa sababu wagonjwa wanatoka pande zote mbili za mpaka, na homa haiulizi kitambulisho. Mama anafika na mtoto, anaandikiwa dawa ya malaria, anaambiwa akanunue dukani. Anampigia simu mbunge wake. Mbunge anasimama bungeni: "Dawa hakuna!"

Maneno hayo mawili yanaweza kuwa na maana nne tofauti.

Ya kwanza: dawa hazijaletwa. Zamani sehemu ya fedha za dawa ilipelekwa wilayani. Tangu mwaka wa fedha 2009/10 zimewekwa chini ya Bohari ya Taifa ya Dawa, ambayo kila mtu huiita NMS, kwenye fungu lake la bajeti, namba 116. Bohari hiyo hununua na kusambaza kwa mizunguko, kama kila miezi miwili, yaani mara sita kwa mwaka. Mzunguko ukichelewa wiki tatu, kituo kinakauka wiki tatu. Mwenye jibu hapa ni NMS na ratiba yake. Daktari wa wilaya hana la kufanya zaidi ya kusubiri lori.

Ya pili: dawa zililetwa zikaisha mapema. Kwa miaka mingi vituo vya daraja la pili na la tatu vimekuwa vikipelekewa kasha lililopangwa kwa kuangalia daraja la kituo, wakati hospitali na vituo vya daraja la nne vikiagiza vinachohitaji. Kasha halijui kwamba nusu ya foleni imevuka mpaka asubuhi hiyo. Hapa hakuna mwizi, kuna hesabu mbovu, na anayeweza kuirekebisha ni Wizara ya Afya ikishirikiana na wilaya.

Ya tatu: fedha zenyewe ni chache. Hilo si la Waziri wa Afya peke yake. Ni la Wizara ya Fedha, na ni la wabunge wenyewe waliopitisha bajeti.

Ya nne ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini: dawa zilifika mchana zikatoka usiku. Ndiyo maana vidonge vya serikali hupigwa chapa inayosema ni mali ya Serikali ya Uganda na haviuzwi. Ukiikuta chapa hiyo kwenye duka la dawa mtaani, swali haliendi tena kwa waziri. Linakwenda polisi, au kwa kitengo cha Ikulu kinachofuatilia huduma za afya, kilichoanzishwa mwaka 2009.

Mbunge aliyesema "dawa hakuna" amempa waziri uhuru wa kuchagua lipi kati ya hayo manne alijibu. Naye atachagua lililo jepesi: "Serikali imeongeza bajeti ya dawa mwaka huu." Ni kweli, na halimsaidii mama yule kwa lolote. Mbunge aliyepita kwanza kituoni, akafungua daftari la mapokezi na kadi za stoo, angeuliza hivi: katika mizunguko sita ya mwaka wa fedha uliopita, kituo hiki kilipokea mingapi, tarehe zipi, na nani alisaini? Swali la namna hiyo halina mahali pa kujificha. Hata waziri akija na jibu la uongo, daftari lipo.

Wahudumu nao wana njia yao ndefu. Muuguzi wa kituo hicho haajiriwi na Waziri wa Afya. Anaajiriwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, baada ya Wizara ya Utumishi wa Umma kukubali nafasi ijazwe, na baada ya Wizara ya Fedha kuweka mshahara wake kwenye bajeti. Ofisi tatu kwa muuguzi mmoja. Ukimuuliza waziri mmoja kwa nini hayupo, atakuonyesha mwenzake kwa heshima zote.

Haya yametokana na ugatuzi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 iliziachia wilaya shule za msingi na sekondari, vituo vya afya na hospitali zisizo za rufaa, maji ya vijijini na barabara zisizo za kitaifa. Wilaya ina baraza lake la LC5 lenye mwenyekiti na madiwani. Lakini fedha nyingi hutoka Kampala zikiwa ruzuku zenye masharti, kila shilingi imeshaandikiwa kazi, na hata mtendaji mkuu wa wilaya, yule CAO, huteuliwa na serikali kuu tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005. Wilaya ina jukumu, Kampala ina fedha. Waziri husema "hilo ni la wilaya", wilaya husema "hatujaletewa fedha", na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Barabara, taka, na wahusika wanaohama

Kwenye barabara mkanganyiko ni huohuo. Kuna barabara za kitaifa, kama kilomita 21,000, kuna za wilaya, na kuna zile ndogo za gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya. Mwenye boda boda anayezama kwenye tope hajui yuko juu ya ipi, wala hana haja ya kujua. Mbunge wake ndiye anayepaswa kujua. Kuanzia mwaka 2008 barabara za kitaifa zilikuwa chini ya mamlaka ya UNRA. Bunge likaivunja mwaka 2024 katika mpango wa kupunguza mashirika ya serikali, na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Umeme nao umebadilisha mwenyewe: mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, na usambazaji ukachukuliwa na kampuni ya serikali, UEDCL. Ahadi iliyotolewa na mhusika aliyeondoka hudaiwa kwa nani? Kisheria serikali ni ileile. Kwa vitendo, faili limehamia ofisi nyingine na aliyeahidi hayupo.

Mfano mchungu zaidi ni Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kampala liliporomoka likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Taka ni za Kampala, chini ya mamlaka ya jiji, KCCA, yenye waziri wake, meya wake na mkurugenzi mtendaji wake. Ardhi yenyewe iko wilaya ya Wakiso. Mazingira yana mamlaka yake, NEMA. Maafa yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwamba dampo lile limejaa kupita kiasi lilikuwa jambo linalojulikana kwa miaka, na liliwahi kusemwa rasmi. Katika mpangilio kama huo kila mmoja anaweza kuulizwa, na kila mmoja akajibu kipande chake kwa usahihi. Mwezi uliofuata Rais aliagiza mkurugenzi mtendaji wa KCCA na maofisa wengine wawili waandamizi waondolewe. Waziri yeyote hakuguswa.

Linganisha na daraja la Katonga. Mei 2023 mafuriko yaliharibu barabara ya Kampala–Masaka hapo, na magari yakazungushwa kupitia Mpigi na Sembabule. Hiyo ndiyo njia ya malori ya Tanzania na Rwanda, biashara ya nchi nzima ikashikwa koo, na waziri alikuwa eneo la tukio kabla mbunge yeyote hajamaliza kuuliza. Kalvati la gombolola likibomoka huko Bundibugyo, halishiki koo la mtu Kampala. Swali la bungeni kazi yake ni kuziba pengo hilo, yaani kulifanya kalvati lisikike. Ila kulisikia ni jambo moja na kulilipia ni jingine.

Kwa nini mbunge hawezi kuongeza kisima

Wapiga kura wengi, na wagombea wengi zaidi, huzungumza kana kwamba mbunge ana kifuko cha maendeleo. Kuna wakati kilikuwepo: mfuko wa jimbo wa shilingi milioni 10 kwa mwaka kwa kila mbunge, ambao baadaye ulifutwa baada ya malalamiko mengi kuhusu namna ulivyotumika. Leo kifuko ni mshahara wake, na ndiyo maana mnaona ambulensi zenye picha ya mheshimiwa mlangoni. Siwacheki wanaozitumia, maana mgonjwa hana muda wa kuchagua gari. Lakini ambulensi ya mtu binafsi ni dalili ya swali lililokosa jibu.

Ibara ya 93 ya Katiba inamzuia mbunge kuleta muswada au hoja inayoongeza kodi au kuchota fedha za umma, isipokuwa jambo hilo limeletwa kwa niaba ya serikali. Hawezi kusimama Juni akasema "ongezeni visima vitano kwangu" na Bunge likapiga kura visima vikaja. Anachoweza ni kuingilia mapema, serikali inapoandaa makadirio yake. Hapo kalenda ndiyo kila kitu.

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, mfumo wa awali wa bajeti, yaani waraka wa mwelekeo wake, hufika bungeni kabla ya tarehe 31 Desemba. Taarifa za sera za wizara hufika kabla ya 15 Machi. Makadirio kamili huwasilishwa kufikia 1 Aprili na kupitishwa kufikia 31 Mei. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Hotuba ya bajeti tunayoisikiliza redioni mwezi Juni, yenye matrilioni yake (ya 2025/26 ilikuwa kama trilioni 72.4), husomwa wakati mambo yamekwisha. Anayeuliza kuhusu barabara yake wiki hiyo anauliza kwa ajili ya mwaka unaofuata, hata kama hajui.

Kwa hiyo swali la Novemba lina thamani kuliko swali la Juni. Na swali lililoulizwa ndani ya kamati ya kisekta, pale wizara inapotetea taarifa yake ya sera mwezi Machi au Aprili, lina thamani kuliko yote mawili. Huko hakuna kamera nyingi. Katibu Mkuu wa wizara ameketi na vitabu vyake, na mbunge anaweza kuuliza: ukurasa huu unasema vituo kadhaa vya afya vitapandishwa daraja, je, cha kwetu kimo? Kama hakimo, nini kimekitoa? Ibara ya 90 inazipa kamati uwezo wa kumwita waziri au ofisa yeyote wa umma, na mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kulazimisha mashahidi wafike na nyaraka zitolewe. Silaha hiyo ni kali kuliko kipaza sauti cha ukumbini.

Kwa barabara kubwa kuna mlango mwingine unaosahaulika. Nyingi hujengwa kwa mikopo, na ibara ya 159 inataka Bunge liidhinishe kila mkopo. Siku mkopo unapoletwa, waziri ndiye anayeomba. Mbunge mwerevu huuliza swali lake siku hiyo.

Namna ya kusoma jibu

Mtu akisikiliza vikao kwa muda, majibu ya mawaziri huanza kujipanga yenyewe kwenye mafungu machache.

"Fedha zikipatikana" maana yake jambo halimo kwenye bajeti. Si tusi, ni taarifa, na mbunge makini huichukua kama taarifa: sasa najua halimo, nitalisukuma kwenye mfumo wa Desemba. "Upembuzi yakinifu unaendelea" maana yake miaka. Baada ya upembuzi kuna usanifu, kisha zabuni, kisha fidia, kwa sababu ibara ya 26 haimruhusu mtu anyang'anywe ardhi kabla ya kulipwa fidia ya haki. "Mradi umo kwenye mpango wa maendeleo wa taifa" ni nusu ya habari njema: asiyemo kwenye mpango hapati, lakini si kila aliyemo hupata. "Naomba niwasiliane na wataalamu wangu nirudi" linaweza kuwa jibu la uungwana kabisa, mradi mtu aandike tarehe. "Tumelipokea" halina maana yoyote.

Mpango wa maendeleo wa parokia (ngazi ya utawala iliyo chini ya gombolola, si ya kanisa), PDM, umetoa mafunzo mazuri ya jambo hili. Ulizinduliwa Februari 2022 huko Kibuku kwa ahadi ya shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parokia, na mkopo wa milioni moja kwa kaya. Wizara ya Serikali za Mitaa ndiyo mratibu, Fedha hutoa pesa, Kilimo hushauri nini kilimwe, TEHAMA huangalia mfumo wa taarifa, na pesa hupitia akaunti ya chama cha ushirika cha parokia hadi kwenye simu ya mkulima. Mwanamke wa Busia aliyejaziwa fomu na asione kitu hana njia ya kujua amekwama hatua ipi. Mbunge akiuliza "kwa nini watu wangu hawajapata?", ataambiwa kiasi kilichotolewa kitaifa. Akiuliza ni parokia zipi za jimbo lake zilipokea, lini, na ni waombaji wangapi wamekataliwa na mfumo kwa sababu ya kitambulisho cha taifa, waziri atalazimika kutuma mtu akachimbe.

Tarakimu za namna hiyo zina historia hapa Uganda. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walifuatilia ruzuku za shule za msingi kutoka Hazina hadi darasani, wakakuta kwamba kati ya 1991 na 1995 wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi ya shule ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kwenye ubao kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 kilichofika kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Wachumi bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kililetwa na magazeti na kiasi gani na mageuzi mengine. Ila mzazi aliyesimama mbele ya ubao ule aliweza kumuuliza mwalimu mkuu kitu ambacho hapo awali hakuwa na namna ya kukiuliza.

Ahadi ikishatolewa

Bunge lina kamati inayofuatilia ahadi za serikali. Kazi yake ni kupitia Hansadi, kuokota kila "tutafanya" iliyosemwa na waziri, kisha kumwita aeleze ilipofikia. Kwa desturi huongozwa na upinzani, kama zilivyo zile za hesabu za serikali, za mashirika ya umma na za serikali za mitaa. Kwa maoni yangu ndiyo kamati yenye kazi nzuri kuliko umaarufu wake. Lakini haiwezi kufuatilia kisichofuatilika: "serikali inalishughulikia" haina mwisho wa kuupima. Ndiyo maana swali la nyongeza linalostahili kuulizwa mara nyingi ni fupi tu: kufikia lini, na kutoka fungu gani?

Kwa upande wa fedha zilizokwisha kutumika kuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye ripoti yake hufika bungeni kila mwisho wa Desemba. Mbunge anayeisoma huuliza kuhusu kilichotokea, si kuhusu mipango.

Na waziri akidanganya, au akikataa kabisa kujibu? Chini ya ibara ya 118, theluthi moja ya wabunge wakitia saini, mchakato wa kumwondolea imani huanza, na ukiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote, Rais anatakiwa kuchukua hatua inayofaa. Silaha hii ilipata makali mapema: Jim Muhwezi mwaka 1998 na Sam Kutesa mwaka 1999, wote mawaziri wa nchi, walipigiwa kura hiyo. Wote walirudi barazani baadaye wakiwa mawaziri kamili. Januari 2023 Bunge lilimpigia kura hiyo Persis Namuganza, waziri wa nchi wa nyumba, lakini hakuondoka serikalini. Ibara ya 117 inaeleza sababu: waziri mmojammoja huwajibika kwa Rais kwa kazi za wizara yake. Bunge humuuliza, Rais ndiye humwajiri. Lililotikisa zaidi mwaka huohuo lilitoka kwingine: mabati yaliyokusudiwa Karamoja yaligawanywa kwa wakubwa, na mawaziri watatu wakafikishwa Mahakama ya Kupambana na Rushwa. Kamati ya Bunge ilikuwa imehoji, vyombo vya habari vikachimba, waendesha mashtaka wakamalizia.

Kuna watu ambao swali lao halina hata mbunge. Mkimbizi wa Nakivale anatibiwa kituo kimoja na mwenyeji wa Isingiro, hapigi kura, na waziri wake yuko ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Shida yake hufika bungeni pale tu mbunge wa mwenyeji anapoona kwamba foleni ni moja. Vikao vyenyewe huendeshwa kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005. Msemaji wa Kiswahili wa Arua, wa Nakivale au wa soko la Busia hupata habari za Bunge kupitia redio na kupitia watu wanaomsimulia, zikiwa zimeshakatwakatwa.

Hata hivyo yapo anayoweza kuyafanya bila kumsubiri mheshimiwa. Chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005, raia anaweza kuiandikia ofisi ya umma akaomba nyaraka, nayo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Orodha ya dawa zilizopokelewa na kituo chake ni nyaraka ya umma. Kabarua ka ukurasa mmoja, nakala kwa mbunge, kakitumwa Oktoba, humfikia kabla mfumo wa bajeti haujaingia bungeni Desemba.